Usaili umekwisha, orodha bado: namna ya kupanga programu za residensi ya tiba ya dharura Marekani

Kila Januari ikianza kwenda ukingoni, napigiwa simu za aina moja. Kijana amemaliza usaili wa kumi na mbili kwa Zoom, koti na tai juu, kaptura chini, na sasa programu zote zimemchanganyikia kichwani. Zote "ni familia." Zote zina ultrasaundi nzuri. Kila rezidenti aliyeongea naye alikuwa anatabasamu. "Kaka, nizipangeje?"

Haya ni majibu ninayowapa, nimeyaandika mara moja nisiwe nayarudia kwenye simu. Yanahusu residensi, yaani mafunzo ya ubingwa yanayofanyika hospitalini, ya tiba ya dharura Marekani, na Match, ule mfumo wa shirika la NRMP: waombaji na programu kila upande huandika orodha ya wanaowataka, kisha kompyuta humpeleka mwombaji kwenye programu moja tu. Aliyesoma Muhimbili, Nairobi au Makerere na aliyezaliwa Ohio wanapita mlango huohuo, ila wa kwanza ana habari ya viza, nayo nitaifikia.

Hatua ya 1: Ijue mashine kabla ya kuiandalia orodha

Wengi huharibu orodha kwa sababu hawaiamini kompyuta. Wanaanza kukisia: "Hawa hawatanichukua, nisiwapotezee nafasi ya kwanza." Hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Kompyuta inaanza na wewe, haianzi na hospitali. Inachukua programu uliyoiandika namba moja, inakupigia hodi. Kama nao wamekuandika kwenye orodha yao na nafasi ipo, unashikiwa hapo kwa muda. Akija mtu wanayemtaka kuliko wewe na nafasi zimejaa, unatolewa, na hodi inapigwa kwa namba mbili yako. Huko hufiki kama mgeni aliyechelewa shughuli. Kama wanakutaka kuliko mmoja wa wale waliokwisha kuwashika, huyo ndiye atakayekupisha. Inakwenda hivyo mpaka hakuna tena wa kuhamishwa.

Tuseme Neema ameandika Denver kwanza, Cincinnati ya pili, na programu ndogo ya Michigan ya tatu. Denver wamejaza kwa watu waliowaweka juu yake. Anahamia Cincinnati, na Cincinnati wanamwangalia sawasawa na ambavyo wangemwangalia kama angewaandika namba moja. Hawajui aliwaandika wapi, na kompyuta haiwaambii. Kwa kuiota Denver Neema hajapoteza chochote. Angewaandika Cincinnati kwanza kwa woga, na Denver walikuwa wanamtaka, hapo angepoteza.

Utaratibu huu ulifanyiwa ukarabati na Alvin Roth na Elliott Peranson, ukaanza kutumika mwaka 1998. Hesabu yake ya msingi ni ya David Gale na Lloyd Shapley, ya mwaka 1962. Roth na Shapley walipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2012. Nataja hayo kwa sababu kila mwaka kuna mjuaji wa WhatsApp mwenye mbinu ya kuizidi kompyuta akili. Mbinu hiyo haipo. Andika kwa mpangilio wa unavyotaka kwa dhati, basi.

Jambo la pili linatokana na hilohilo: matokeo yanakufunga. Ukiandika programu, umekubali kwenda. Kwa hiyo usiandike mahali ambapo ungelia ukipelekwa. Lakini ujiulize kwa haki: ungelia kuliko kukaa mwaka mzima bila kazi? Kwa daktari aliyesoma nje ya Marekani, ushauri wangu ni kuandika kila programu iliyokusaili ambayo unaweza kuivumilia. Usiingie kiburi kwa kusoma takwimu za mwaka mmoja. Mwaka 2023 nafasi zaidi ya 500 za tiba ya dharura zilibaki wazi, watu wakasema fani imekwisha. Mwaka uliofuata zilibaki 135. Mtu aliyepanga orodha yake fupi akitegemea uwazi wa mwaka wa nyuma alijikuta amebaki nje.

Hatua ya 2: Toa yaliyomo kichwani kabla hayajachacha

Vizuri zaidi uandike usiku uleule wa usaili. Kama hukuandika, fanya hivi leo: chukua karatasi moja kwa kila programu, dakika kumi, bila kufungua tovuti yao. Igawe mara tatu. Niliyoyaona. Niliyoambiwa. Nilivyojisikia.

Mgawanyo huo una kazi. "Niliyoambiwa" ni maneno ya muuzaji, hata kama ni muuzaji mwema. "Niliyoyaona" ni kama rezidenti wawili waliotazamana kwanza kabla ya kujibu swali la ratiba, au mkurugenzi aliyejua majina ya wote waliokuwepo. "Nilivyojisikia" ni habari muhimu, ila ikae kwenye kibaraza chake, isiingie chumba cha wenzake.

Mimi mwenyewe liliwahi kunipata. Mkurugenzi wa programu moja alicheka sana nilipomwelezea utingo wa daladala anavyojua kupanga watu, nikasema ndiyo kazi ya kupanga wagonjwa mlangoni. Kwa wiki tatu programu ile ilikuwa namba moja kichwani mwangu. Siku nilipokaa na karatasi nikaona safu ya kwanza ni tupu kabisa. Sikujua wana zamu ngapi, sikujua watoto wanaonwa wapi, nilijua tu kwamba mzee yule ni mcheshi. Na mzee alihamia kazi nyingine hata kabla orodha hazijafungwa. Watu huhama, idadi ya wagonjwa na ratiba hubaki.

Hatua ya 3: Toa kwanza zisizowezekana

Kabla ya kulinganisha utamu, ondoa ambazo haziwezekani kwako. Kwa mwenye uraia au kadi ya kijani hii ni hatua fupi: mwenza anaweza kufanya kazi huko? Mama mgonjwa atakuwa mbali kiasi gani? Mkiomba wawili kama wanandoa, mtapanga jozi za programu badala ya programu moja moja, na kazi hiyo inahitaji jioni kadhaa na chai nyingi.

Kwa mwenye kuhitaji viza ni hatua ndefu. Viza ya J-1 hudhaminiwa na ECFMG, shirika linalothibitisha vyeti vya madaktari waliosoma nje ya Marekani, si na hospitali, kwa hiyo programu nyingi huikubali kwa urahisi. Inadai barua kutoka wizara ya afya ya nchi yako, na ukimaliza mafunzo unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili, au upate msamaha, ambao wengi huupata kwa kufanya kazi kwenye maeneo yenye uhaba wa madaktari. Ukiwa na J-1 huruhusiwi kufanya zamu za pembeni za kujiongezea kipato, lakini mwenza wako anaweza kuomba kibali cha kazi. H-1B inadhaminiwa na mwajiri mwenyewe, na lazima uwe umefaulu Step 3, hatua ya mwisho ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani. Mwenza wa mwenye H-1B kwa kawaida hukaa bila kibali cha kazi kwa miaka ya mwanzo. Lingine: Septemba 2025 Ikulu ya Marekani ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Programu iliyoandika kwenye tovuti yake miaka mitatu iliyopita kwamba inadhamini H-1B huenda leo inasema lingine. Mwandikie mratibu wa programu barua pepe, swali moja lililo wazi, na utunze jibu. Neno la mdomo la rezidenti kwenye Zoom lisikutoshe.

Hatua ya 4: Linganisha kazi yenyewe

Hapa ndipo penye nyama, na ndipo waombaji wengi wanapopapita haraka wakimbilie habari za ufukwe na migahawa.

Anza na urefu. Programu nyingi ni za miaka mitatu, nyingine ni minne. Denver Health, Highland ya Oakland na Cincinnati, ambako residensi ya kwanza kabisa ya fani hii ilianza mwaka 1970, ni za minne. Mwaka wa nne unakugharimu tofauti kati ya mshahara wa rezidenti na wa bingwa, na tofauti hiyo inazidi dola 200,000. Wanaoutetea wanasema unatoka umekomaa, umeshasimamia idara nzima. Mimi nasema inategemea huo mwaka una nini ndani. Ukiuliza "rezidenti wa mwaka wa nne anafanya nini ambacho wa tatu hafanyi?" na jibu likawa ukungu, ukungu huo nao ni jibu. Tena mwaka 2025 ACGME, chombo kinachotoa ithibati, kilipendekeza programu zote ziwe za miezi 48. Kwa hiyo iulize kila programu ya miaka mitatu: kundi letu litamaliza lini? Wameshajipanga vipi?

Halafu wagonjwa. Hospitali za umma za miji mikubwa hukupa majeruhi wengi, magonjwa yaliyocheleweshwa na umaskini, na uhuru mapema. Hospitali za vyuo vikuu hukupa wagonjwa wenye maradhi adimu, waliopandikizwa viungo, na bingwa wa kila kitu dakika tano kutoka ulipo, jambo lenye raha yake na hasara yake. Hospitali za kijamii hukufundisha kasi na kazi inayofanana na ile wengi watakayoifanya baadaye. Programu nzuri hukuzungusha zaidi ya sehemu moja. Uliza asilimia ya muda katika kila hospitali, na umbali wa kuendesha gari baada ya zamu ya usiku.

Bango la "kituo cha majeruhi cha daraja la kwanza" lisikulevye. Swali lenye uzito ni hili: majeruhi akiingia, nani anasimama kichwani kwake kuweka mpira wa kupumulia? Ni rezidenti wa dharura, au wa usingizi anaitwa kutoka juu? Mpira wa kifuani unawekwa na nani, sisi au watu wa upasuaji? Kama wanapokezana siku kwa siku, sawa. Kama jibu ni "inategemea," dadisi.

ACGME imeweka idadi za chini ambazo kila anayehitimu lazima azifikishe: kuweka mpira wa kupumulia mara 35, mpira wa kifuani mara 10, mrija wa mshipa mkubwa mara 20, kuzalisha mara 10, kuongoza ufufuaji wa watu wazima wasio majeruhi mara 45, na nyinginezo. Kila programu itakwambia inafikisha. Wewe uliza wanaomaliza huwa na ngapi, na ngapi kati yake zilifanywa kwenye maabara ya mazoezi badala ya kwa mgonjwa. Uliza hasa za watoto. Programu nyingi zina watu wazima tele na watoto haba, na utakapokuwa peke yako saa tisa usiku na mtoto wa miezi minne anayeshindwa kupumua, jina la chuo halitakusaidia.

Zamu: kanuni inasema ukiwa kwenye mzunguko wa dharura zamu isizidi saa 12, na saa za kuona wagonjwa zisizidi 60 kwa wiki. Ndani ya uzio huo kuna tofauti kubwa. Zamu 20 za saa nane na zamu 16 za saa kumi ni saa zilezile 160 kwenye karatasi. Mwilini si sawa.

Na msongamano. Wagonjwa waliokwisha kulazwa lakini hawana kitanda wodini hubaki idara ya dharura, wengine siku mbili. Hali hiyo iko karibu kila mahali Marekani, kwa hiyo usiulize kama ipo. Uliza: nani anawahudumia? Kama ni rezidenti wa dharura, basi sehemu ya mafunzo yako itakuwa kuandika upya dawa za presha za mtu aliyelala kwenye korido.

Mwisho wa hatua hii, tazama afya ya hospitali yenyewe. Mwaka 2019 hospitali ya Hahnemann ya Philadelphia ilifungwa, na rezidenti zaidi ya 500 wa fani zote wakabaki wakitafuta pa kwenda. Soma habari za mji ule: hospitali inauzwa? Kampuni inayoajiri madaktari wa dharura imebadilishwa mara ngapi? Hali ya ithibati ya programu iko wazi kwenye tovuti ya ACGME. Angalia kama kuna onyo, na kama programu ni changa mno kuwa hata na mhitimu mmoja. Uchanga si ubaya, ila wao wanajaribu kwako.

Hatua ya 5: Piga simu kwa rezidenti, na uliza maswali yenye tarehe

"Je, mnafurahia?" halina faida. Hakuna atakayesema hapana kwa mgeni. Uliza jambo lililotokea:

Zamu yako ya mwisho ilikuwaje, ulitoka saa ngapi hasa?
Mara ya mwisho mwenzenu alipougua, nani alibeba zamu yake, na alilipwaje fadhila?
Kuna aliyeacha programu miaka hii mitatu? Ilikuwaje?
Mlilalamikia nini mwaka jana, na nini kilibadilika?

Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Programu isiyo na malalamiko haipo. Ipo inayosikia na isiyosikia. Na tafuta wa mwaka wa pili. Wa kwanza bado ana fungate, wa mwisho mguu mmoja uko nje.

Ukipata mtu wa kwetu huko, mwulize ambayo tovuti haiwezi kusema: wagonjwa wakikataa daktari mwenye lafudhi, bingwa husimama upande gani? Ukikosa ndugu utakula wapi Idi au Krismasi? Usione ni mambo madogo. Kuna miji kama Lexington, Kentucky, ambako familia nyingi kutoka Kongo zinazungumza Kiswahili. Ukimsikia mama kwenye korido akimwambia mtoto "nyamaza, daktari anakuja," uchovu wa zamu nzima hukushuka.

Hatua ya 6: Jedwali, kisha litupe

Sasa fungua Excel. Safu sita au saba, zisizidi: mafunzo, watoto, zamu, watu, mahali na familia, fedha, viza kama inakuhusu. Gawa alama 100 kwa safu hizo kabla ya kuangalia programu yoyote, kwa sababu ukigawa baadaye utaupinda uzito ili unayempenda ashinde. Fedha nazimaliza kwa sentensi moja: toa kodi ya nyumba kwenye mshahara wa mwaka wa kwanza, usilinganishe mishahara mitupu, maana dola za New York si dola za Toledo.

Jumla ikitoka, utaona moja ya mambo mawili. Ama utatulia, ama utajikuta unarudi kupunguza namba za programu fulani ili ishuke. Hapo kazi ya jedwali imekwisha. Limekwambia ambacho ulikuwa unajificha nacho.

Kisha pambanisha mbili mbili. Chukua ya kwanza na ya pili tu. Fumba macho, uone ile Ijumaa ya Machi, barua pepe imefunguka, jina ni la ya pili. Unashusha pumzi au unanyong'onyea? Halafu ya pili na ya tatu. Shuka hivyo mpaka chini. Chini napo pana maana: mara nyingi mtu huzisoma kwa makini nne za juu, zilizobaki akazimwaga tu, halafu anajikuta kwenye ya saba ambayo hakuwahi kuifikiria vizuri.

Mwonyeshe orodha mtu mmoja anayekujua, si kumi. Shangazi atataka ubaki karibu na Minneapolis kwa sababu yeye yuko Minneapolis.

Hatua ya 7: Barua

Shukrani fupi, mistari minne, inatosha. Kuiambia programu kuwa ni namba moja yako kunaruhusiwa, lakini iambie programu moja tu na iwe kweli. Mkurugenzi anazungumza na wakurugenzi wenzake. Wao hawaruhusiwi kukuuliza utawaweka wapi wala umesailiwa wapi kwingine. Wakikuandikia "tumekupenda mno, utatufaa sana," furahi, kunywa chai, usisogeze orodha hata nafasi moja. Maneno hayo hayawafungi.

Hatua ya 8: Ingiza, thibitisha, hakikisha

Orodha inafungwa mwishoni mwa Februari au siku za mwanzo za Machi. Angalia tarehe ya mwaka wako na saa ya Marekani ya Mashariki, hasa ukiwa Dar, maana jioni ya huko Marekani kwako ni alfajiri ya siku inayofuata. Usingoje siku ya mwisho, mtandao husongamana. Nakili namba ya kila programu kwa uangalifu: hospitali moja huweza kuwa na programu mbili zenye majina yanayofanana, mathalani tiba ya dharura peke yake na ile iliyounganishwa na tiba ya magonjwa ya ndani.

Kuingiza si kuthibitisha. Orodha isiyothibitishwa haihesabiki. Kila ukibadilisha chochote, thibitisha tena, tazama hali imebadilika kuwa imethibitishwa, piga picha ya skrini, tunza barua pepe yao.

Wiki ya Match, Jumatatu utaambiwa kama umepata mahali, Ijumaa utaambiwa ni wapi. Andaa mapema kwa ajili ya Jumatatu mbaya: barua ya kujieleza iliyorekebishwa, simu yenye chaji, na mtu wa kukaa naye, kwa sababu nafasi zilizobaki hugawanywa kupitia SOAP ndani ya siku chache, ofa zikitolewa kwa raundi siku ya Alhamisi. Wakati huo usipige simu wala usiandikie programu wewe. Kanuni inakukataza kuanza mawasiliano. Subiri wakupigie, na uzime ule mtindo wa simu wa kuzuia namba usizozijua.